Kiingereza Kilichochemshwa Ndani ya Kitambaa

Ninyi mnaopika simu ikiwa imeegemezwa kwenye chupa ya mafuta, mkono mmoja kwenye mwiko na mwingine ukifuta unga kwenye kioo, hebu sogeeni. Sina ugomvi na simu zenu. Ningekuwa nayo enzi zangu ningeitumia mpaka iombe likizo. Ila kuna mambo ambayo simu haiyajui, kwa sababu aliyeandika hakuona haja ya kuyaandika, na hayo ndiyo yaliyokaribia kunirudisha kwetu Nambis na magodoro kichwani.

Nilipika Katesh, chini ya mlima Hanang, miaka thelathini na vidole kadhaa. Na Kiingereza changu, hiki mnachonisikia nikiwamwagia watalii mpaka wanakunja ramani zao, nilikipata chote kwenye pudingi za Waingereza. Wenzangu walijifunza kwa redio. Mimi nilikila.

Ilikuwa hivi. Nilianza kwenye nyumba ya wageni ya shamba la ngano, la Serikali wakati ule. Mabwana wa ngano hawakuwa na shida: ugali, nyama, chai, usingizi. Halafu soko huria likaingia. Shamba likatangazwa kuuzwa, matrekta yakasimama yamepoa kama ng'ombe waliokosa chumvi, na wageni wa aina nyingine wakaanza kuja: wanunuzi, wafadhili, watu wa kupanda mlima kwa hiari yao. Wakimaliza nyama wananiangalia na kuuliza, "And for pudding?", yaani kitamu cha mwisho ni kipi. Mimi nikajibu, "Yes." Nilijibu hivyo miezi minne. Kuna mzungu mmoja nadhani bado anaisubiri.

Ndiyo nikajiandikisha darasa la jioni. Lilikuwa kwenye ukumbi wa kanisa, saa kumi na moja, tukitoka kazini. Mwalimu alikuwa Madam Hilda, mama mzee wa Kiingereza, mwembamba kama mwiko, aliyestaafu kazi ya kupikia watoto wa shule kwao. Alikuja na kitabu kimoja tu, cha pudingi, kurasa zimegandamana kwa sukari. Vitabu vingine vilikuwa njiani, akasema. Mpaka leo viko njiani. Kwa hiyo darasa zima, madereva, fundi cherehani, karani wa mahakama, tulisoma pudingi. Dereva wa lori alijua "raisins", zabibu kavu, kabla ya kujua "road", barabara.

Somo la kwanza la kuandika resipi, mimi ndiye niliyeharibu. Kitabu kilikuwa kinaamrisha tu: chukua, piga, mimina. Nikajiuliza, huyu anayeandika anajua nani atasoma? Akisoma mzee wa rika la baba yangu, nimwambie chukua mayai, hata shikamoo hakuna? Nikaandika ya kwangu kwa adabu. Madam Hilda akaisoma kwa sauti: habari za asubuhi mzee wangu, nyumbani hawajambo, ng'ombe wanaendeleaje, mvua huko kwenu imeshika. Akageuza karatasi nyuma. Akaigeuza tena.

"Paskali, mayai yako wapi?"

"Bado, Madam. Bado tunasalimiana."

Dawati la nyuma likavunjika kwa kicheko, na aliyecheka kuliko wote alikuwa Mama Saidi. Huyu mnatakiwa kumjua. Alikuwa na hoteli ndogo karibu na stendi, mume wake akiuza nguo dukani, na vitumbua vyake vilikuwa vinasimamisha mabasi. Ulimi wake ungeweza kukwangua ukoko.

"Baba Theresia," akaniambia, "kwa salamu hizo mayai yataanguliwa."

Tangu siku hiyo tukawa mahasimu wa darasani. Akipata nane, napata saba. Nikipata tisa, anasema Madam amekosea kujumlisha.

Makosa yangu mengine niwape machache, mkayaepuke. Ipo pudingi wanayotengeneza kwa mkate na siagi. Kitabu kinataka mkate wa jana, hata wa juzi. Nikasema hapana, labda kwao wana dhiki. Kwetu mgeni hapewi mkate wa juzi, watu watasema nini? Nikaoka mkate mpya, nikaukata unafuka moshi, nikamwagia maziwa na mayai. Ukatoka uji. Wageni walikunywa kwa adabu, mmoja akauliza kama ni supu ya kienyeji. Mkate mkavu unakunywa. Mkate mpya unazama. Kumbukeni hilo hata mkisahau mengine.

Nyingine ni keki. Kitabu kiliandikwa na mtu anayekaa usawa wa bahari, sisi tuko juu, karibu na malaika. Keki yangu ya kwanza kwenye oveni ya debe, makaa chini na makaa juu, ilipanda mpaka ikasukuma mfuniko, nikaita watu waje waone. Walipofika ilikuwa imelala, katikati shimo la kutosha kuku kutagia. Madam Hilda akatufundisha: milimani punguza baking poda, ongeza maji kidogo, na pudingi ya kuchemsha usiamini saa ya kitabu. Maji yetu huchemka haraka ila hayana moto wa kutosha. Kitabu kikisema saa tatu, ipe nne, na usifunue funue.

Na ya kitambaa je? Ile ya Krismasi hufungwa kwenye kitambaa na kuchemshwa humo. Sikuwa na kitambaa cheupe. Nikachukua kanga ya mke wangu, mpya, nyekundu. Baada ya saa nne nikafungua mezani mbele ya wageni kumi na wawili, pudingi nyekundu kama paa la benki, na pembeni maandishi yamejipiga chapa vizuri, ya kinyumenyume: UTANIJUA LEO. Wageni wakapiga picha. Mke wangu hakupiga picha. Yeye alinifanya niyaelewe yale maandishi, wiki nzima.

Lakini Kiingereza kiliingia, jamani. Jikoni kwetu tulikuwa na neno moja, chemsha, basi. Wao wana la maji yanayoruka, la maji yanayotetemeka, la maji yanayowaza tu kutetemeka. Nikajifunza yote. Neno nililolipenda kuliko yote ni "until", yaani mpaka. Koroga until inene. Oka until iwe ya dhahabu. Saa haina kazi hapo, jicho ndilo lina kazi. Madam Hilda alikuwa anasema mpishi asiye na "until" ni mpasha maji moto.

Sasa niwapeleke kwenye siku yenyewe. Mwaka ule tulipoambiwa tumekatwa kutoka Arusha na tutakuwa mkoa wetu wa Manyara, nyumba ya wageni ilikuwa imeshanunuliwa na Bwana Sulle, mfanyabiashara wa kwetu huku huku, kifua mbele, kalamu tatu mfukoni. Alipiga hesabu ya maofisa watakaopita kwenda na kurudi Babati, akatuita mimi na Mama Saidi siku moja.

"Nataka mpishi mkuu mmoja," akasema. "Wote mnapika. Wote mmesoma kwa Madam. Lakini mpishi akiugua, jiko langu linaugua. Nataka anayeweza kuandika chakula chake kwa Kiingereza, mtu mwingine akakipika kilekile."

Mama Saidi akiikosa kazi hiyo, hoteli yake ipo. Mimi nikiikosa, nyumba ya watumishi natoka. Mke, watoto watano, na Nambis shamba la baba tuligawana wanaume saba. Sehemu yangu kaka yangu alikuwa ameshaipanda viazi, tena alikuwa ameniandikia kwamba vimestawi, nisisumbuke kuja.

Madam Hilda ndiye aliyepanga mtihani. Kila mmoja aandike pudingi yake moja. Kisha tubadilishane karatasi, kila mmoja apike ya mwenzake, na mwandishi akae kwenye kiti, mdomo umefungwa.

Nikacheka moyoni. Ya kwangu ilijulikana: pudingi ya mvuke na kastadi, ule mchuzi mzito wa maziwa na mayai wa kumwagia juu. Kastadi yangu ilikuwa na jina. Wageni walikuwa wanapanda Hanang kwa miguu na kushuka kwa harufu yake. Madam Hilda mwenyewe, ambaye kastadi ndiyo lugha ya mama yake, alisema kwao hajawahi kuonja kama hiyo, na hakujua kwa nini. Mimi nilijua: ni mkono wangu. Nikaandika vizuri, bila salamu, mayai mstari wa kwanza. Maziwa painti moja, viini vinne, sukari, moto mdogo, koroga until ishike mgongo wa kijiko.

Siku ya mtihani, kwenye jiko la nyumba ya wageni, darasa zima likitazama, nikapika wali wa maziwa wa Mama Saidi. Mwanamke yule alikuwa ameandika kila kitu. Mdalasini, urefu wa kidole cha mwisho, cha mwanamke. Sufuria, ile nzito, siyo ya kupigia chai. Nilitafuta kosa kama mtu anayechagua mawe kwenye mchele. Sikuliona. Wali ukatoka mtamu mpaka nikakasirika.

Yeye akapika kastadi yangu. Nilikaa kwenye kiti nikimwangalia. Hakukosea hata hatua moja. Ikatoka ya njano, laini, inang'aa. Bwana Sulle akachukua kijiko, akaonja, akarudisha kijiko taratibu.

"Hii siyo yenyewe."

Madam Hilda akaonja. Akatikisa kichwa. "Nzuri. Lakini siyo yenyewe."

Bwana Sulle akamgeukia Mama Saidi. "Mama, nakuuliza kwa heshima. Umemharibia mwenzako?"

Hapa, wanangu, naomba mnisikilize, maana utani nauweka pembeni dakika moja. Nilikuwa nimemwona. Nilijua hajaharibu chochote. Na mimi, Paskali, ambaye nilinyimwa nafasi kwenye kwaya kwa kuongea wakati wa mahubiri, nilinyamaza. Nilihesabu watoto watano kichwani, nikaona viazi vya kaka yangu, nikanyamaza. Mdomo ulitakiwa kufungwa, si ndiyo sheria ya mtihani? Nikajificha nyuma ya sheria kama mtoto nyuma ya sketi ya bibi yake.

Mama Saidi hakulia wala hakugomba. Alienda kwenye kabati, akatoa bakuli la kastadi niliyopika mimi siku iliyotangulia, akanusa. Akanusa ya kwake. Akarudi kunusa ya kwangu.

"Baba Theresia, maziwa yako unayatoa wapi?"

"Hirbadaw. Kwa Mama Tluway."

"Anayaleta kwenye nini?"

"Kwenye kibuyu," nikasema. "Kwani watu huweka maziwa kwenye nini?"

"Mimi nimeyatoa kwenye ndoo ya plastiki, hapa sokoni!" Akanyanyua karatasi yangu juu. "Umeandika maziwa, painti moja. Kibuyu umekiandika wapi? Moshi umeuandika wapi? Njoo, Bwana Sulle, nusa. Hiki anachokiita mkono wake ni moshi wa kibuyu!"

Jiko zima likanusa. Bwana Sulle akanusa mpaka kastadi ikamgusa pua. Ni kweli. Nyote mnaotoka huku mnajua, kibuyu cha maziwa hufukizwa kwa kijinga cha moto ndiyo maziwa yawekwe, na yale maziwa hubeba harufu ya moshi. Nimeyanywa tangu sijaota meno. Nilidhani hiyo ndiyo ladha ya maziwa duniani kote! Kitu ambacho kila mtu wa kwetu anakijua hakikunijia kukiandika, kama ambavyo huandiki kwamba mpishi awe anapumua.

Madam Hilda alicheka mpaka akavua miwani. Bwana Sulle hakutaka kuikosa kastadi ile, kwa hiyo Madam akanipa wiki moja niandike upya.

Nikaenda kijijini Hirbadaw. Hapo ndipo nilipogundua jambo la pili: sijui kufukiza kibuyu. Ni kazi ya akina mama, mimi nilikuwa mnywaji tu. Mama Tluway alikuwa mama wa makamo, ng'ombe wengi, maneno machache. Nikamwamkia, tukaulizana habari za pande zote, nikamweleza shida yangu.

"Unataka kukiandika kibuyu?"

"Ndiyo, mama."

"Kwa Kiingereza?"

"Ndiyo."

Akawaita majirani wawili waje kuona. Wakaja wanne.

Akanipa kijinga cha mzeituni wa porini, chenye moto ulioiva. Nikakisukuma ndani ya kibuyu, nikafunika, nikatikisa. Nilitoa machozi ya misiba mitatu. "Natikisa kwa muda gani, mama? Dakika ngapi?"

"Dakika?" Akawaangalia wenzake. "Unatikisa mpaka kinyamaze."

Kumbe makaa hulia ndani, chii, chii, kwa ule unyevunyevu, halafu hukoma. Ndipo unakung'uta masizi, unasugua kwa brashi ya kijiti kirefu, unamimina maziwa. Nikamwomba arudie taratibu. Nikaandika: shake until the gourd is quiet. Nikaikaza kalamu kwenye ile "until" mpaka karatasi ikatoboka. Miaka yote Madam alikuwa anatutafutia mfano wa neno lile, na mfano ulikuwa umekaa Hirbadaw ukikamua ng'ombe.

Niliharibu vibuyu viwili kabla sijapata. Cha kwanza nilikipasua, cha pili maziwa yalitoka yamenuka kama gereji. Akina mama hawakuficha furaha yao. Habari ilifika Katesh kabla yangu, na mke wangu alinipokea mlangoni akiniita wifi, mwanamke mwenzake. Lakini nilirudi na karatasi kurasa mbili na nusu, kila kitu kimo: mti gani, kijinga cha unene gani, kibuyu cha zamani na siyo kipya, masizi yatolewe yote au kastadi itakuwa ya kijivu. Nikaisoma kama mtu aliyetoka mwezini anayetaka kupika.

Mama Saidi akapika mara ya pili. Hakuwahi kufukiza kibuyu maisha yake, wazazi wake walikuja na duka kutoka mbali. Alishika karatasi yangu mkono wa kushoto, akafuata mstari kwa mstari, akitikisa na kutega sikio, akitikisa na kutega sikio, machozi yakimtoka na matusi madogo madogo kwa Kiingereza cha darasa la jioni. Kibuyu kikanyamaza. Akapika.

Bwana Sulle akala kijiko kimoja. Akafumba macho. Akala cha pili bila kufumbua.

"Ni yenyewe," akasema. "Paskali, umeshinda. Wali ni mtamu, ila wageni wanakuja kwa kastadi; ulikosea, umerekebisha. Kazi ni yako."

Nikasema, "Bwana, wiki ile ulipomuuliza huyu mama kama ameharibu, mimi nilikuwa nimemwona. Hakuharibu. Nilijua na nikanyamaza." Nikamwonyesha Mama Saidi. "Na yeye angenyamaza kuhusu moshi, ningeshindwa leo pia, maana nisingejua nilichokosea. Pua yake ndiyo imeona kilichokosekana kwenye karatasi yangu. Jiko hili ni la kwake. Mpe."

Msidhani nilikuwa shujaa. Tayari nilikuwa nawaza nitakavyomwambia mke wangu afunge magodoro.

Bwana Sulle akageuza kalamu moja mfukoni, akageuza ya pili. "Haya," akasema. "Mama Saidi, jiko ni lako. Na huyu? Anahama lini ile nyumba?"

Mama Saidi akaniangalia kuanzia viatu, ambavyo havikuwa na la kusifiwa, mpaka kichwani kwenye majivu ya Hirbadaw.

"Ahame aende wapi? Namtaka hapahapa," akasema. "Anaongea sana, ana majivuno, na juzi nusura anipeleke kwenye aibu. Lakini akitulia akaandika kitu, hata mtu anayemchukia anakipika kikatoka sawa."

Kisha akanisukumia ndoo ya viazi kwa mguu, nami nikavuta kigoda, nikaanza kumenya.